Haijulikani na Nani?

Padre mmoja mzee alipohamishwa kutoka parokia yetu hapa Maswa, aliniachia boksi la CD zake, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa kwaya na nilikuwa na kompyuta. Ndani yake mlikuwa na Bach, Handel, na Misa ya Wafu ya Mozart. Nilizihamishia zote kwenye kompyuta usiku mmoja, na asubuhi nikakuta vurugu. Misa ya Wafu ilikuwa imejipanga kwa alfabeti. Ilianza na Agnus Dei, Kyrie ikaangukia katikati, na Introitus, ambayo kwa jina lake tu ni ya kuingilia, ikaja nyuma ya Benedictus. Ni kama kuanza na matanga, kisha ndipo ukamtafute mganga.

Upande wa msanii hali ilikuwa mbaya zaidi. Vipande vingine vilikuwa chini ya Mozart, vingine chini ya kiongozi wa okestra, vingine chini ya mama aliyeimba sauti ya kwanza. Kwaya, ambayo ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, haikutajwa popote.

Baadaye nilijifunza chanzo cha tatizo. Mwaka 1996 mtu mmoja aitwaye Eric Kemp alibuni lebo ndogo ya kubandika mwishoni mwa faili la muziki. Lebo hiyo ilikuwa na baiti 128 tu: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, nne za mwaka, nafasi fupi ya maoni, na namba moja ya aina ya muziki. Mtunzi hakuwekewa nafasi yake. Katika orodha ya aina 80, muziki wa klasiki ulipewa namba 32, na ngoma zetu zingelazimika kujibana kwenye namba 48, muziki wa makabila. Nafasi ya mtunzi ilikuja na toleo la 1998, lakini mazoea ya kuuliza "nani anaimba?" kabla ya "nani katunga?" yalikuwa yameshaota mizizi. Hata Apple, pamoja na utajiri wake, ilisubiri hadi 2023 kutoa programu ya pekee kwa ajili ya muziki wa klasiki.

Nikacheka, nikasema haya ni matatizo ya Wazungu. Kisha nikaanza kuhamisha kaseti za marehemu baba.

Baba alipenda nyimbo za kulima, hasa za bagobogobo, wale wachezao na majembe. Miaka ya themanini alizunguka vijiji vya kuelekea Malampaka na redio kaseti yake, akirekodi msimu wa pamba. Juu ya kila kaseti aliandika kijiji na mwaka, basi. Nilipata nyimbo 41. Kompyuta iliponiuliza msanii, niliandika "Haijulikani" mara 41. Kazi ikawa imekwisha, nami nikajiona mtunza urithi.

Kijana mmoja mwenye kibanda cha kuweka nyimbo kwenye flashi aliniomba nyimbo za asili. Nikampa zote.

Miezi ikapita. Siku moja nilikuwa harusini, nimeketi karibu na mzee wa mtaa wa pili, mtu ambaye huwa tunasalimiana karibu kila asubuhi. Spika zikatoa sauti ya kijana akitangaza kibanda chake na namba yake ya simu, kisha ukaingia wimbo wa kulima. Mzee akaweka tonge chini.

"Ng'wana wane," akaniambia, "huu wimbo ni wangu. Lakini mwanzo wake umekwenda wapi?"

Nikamuuliza mwanzo gani.

"Pale mwanzo ndipo nilipojitaja."

Wasukuma wenzangu wataelewa. Ningi, mtunzi wetu, hana karatasi wala lebo, kwa hiyo hujitaja ndani ya wimbo: mimi ng'wana fulani. Jina likiwa ndani ya wimbo, kila aubebaye hulibeba nalo. Kijana wa kibanda alikata sekunde zile ili apate mahali pa kuweka tangazo lake.

Nilirudi nyumbani na hasira ya kumgombeza. Kabla ya kulala nikafungua faili langu, lile lisilokatwa. Jina la mzee lilikuwa pale, kwa Kisukuma safi, ndani ya nusu dakika ya kwanza. Nilikuwa nimeusikia wimbo ule nikiuhamisha, huku mkono ukiandika "Haijulikani". Kijana alikata jina ambalo mimi nilikuwa nimeshatangaza kwamba halipo.

Misa ya Wafu ya Mozart yenyewe ina kisa cha namna hii. Iliagizwa kwa siri na bwana mmoja wa Austria, Walsegg, aliyetaka kumkumbuka mkewe kwa kazi ambayo watu wangedhani ni yake. Mozart alikufa mwaka 1791 kabla ya kuimaliza, na mwanafunzi wake Süssmayr akaikamilisha. Walsegg aliinakili kwa mkono wake mwenyewe, akaiongoza mwaka 1793 kama mtunzi. Leo tunamcheka. Lakini katika maktaba yangu yote imeandikwa Mozart, na Süssmayr hayumo. Kumbe hata jina la kweli likisimama peke yake laweza kuficha mtu.

Ndiyo maana kuna wanaosema nyimbo za jadi ni za wote, na kutafuta mtu mmoja ni ugeni. Hoja hii ina nguvu, ila nimegundua kwamba mara nyingi tunaikimbilia tukiwa wavivu. Nilimpelekea mzee. Akakiri bila shida kwamba kiitikio alikipata kwa aliyemfundisha, na kwamba wenzake shambani waliongeza maneno.

"Sasa nimwandike nani?" nikauliza.

"Niandike mimi, na yeye, na kikundi. Tulikuwa wote pale."

Herufi 30 hazitoshi, lakini huo ni upungufu wa lebo. Jibu alikuwa nalo, na muda wote huo alikuwa akikaa mtaa wa pili.

Neno "haijulikani" linasikika kama unyenyekevu. Ukweli ni kwamba linasema kitu kizito: kwamba mtu ametafuta, ameuliza, amekosa. Mimi sikuwa nimeuliza. Nilichukua uvivu wangu nikauandika kana kwamba ni sifa ya wimbo.

Kijana wa kibanda nilimpelekea faili zima. Hakubisha, amerudisha mwanzo, na tangazo lake amelihamishia mwishoni. Nami nimefuta "Haijulikani" kote nikaandika "Sijauliza". Hadi sasa nyimbo tisa zimepata wenyewe. Watunzi wawili nilikuta wameshafariki, majina yao nikayapata kwa watoto wao. Nyimbo 32 bado zinaniambia, kila nikifungua kompyuta, kwamba sijauliza.