HAKI YA NJIA NI HAKI YA WATU

Kwa jina la Allah, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema anastahiki Allah. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, akina baba, akina mama na vijana wa Dilala na Manika. Ninakuusieni, nami najiusia nafsi yangu, tumche Allah. Ucha Mungu hauishii mlangoni mwa msikiti. Ukishavaa viatu vyako na kutoka nje umeingia barabarani, na barabara ina haki juu yako.

Mtume (s.a.w.) aliwakataza maswahaba kukaa njiani. Walipomweleza kuwa hawana budi na vikao vyao, aliwaamuru waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Tena ametufundisha kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi katika matawi ya imani. Basi jiulize: ikiwa kuondoa mwiba ni imani, mwenye kuuweka ana hukumu gani?

Wanazuoni wa fiqhi walijibu zamani. Mtu akichimba kisima katika njia ya watu bila ruhusa, akatumbukia mpita njia, aliyechimba anadhamini. Haimfai kusema kuwa hakukusudia. Sisi watu wa Kolwezi tunalielewa jambo hili kuliko wengi. Mwaka 2014 kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za Kasulo, watu walichimba viwanjani mwao, na mashimo yakapita chini ya majirani. Ewe kijana mchimbaji, riziki ni ya halali, lakini shimo linaloangusha njia au ukuta wa mwenzako ni kile kisima walichokitaja wanazuoni.

Ndugu zangu, tukumbuke pia tarehe 20 Februari 2019. Karibu na Tenke, katika barabara yetu hii ya Likasi, lori lililobeba asidi ya salfa liligongana na basi la abiria na gari lingine. Asidi hiyo ndiyo inayotumika migodini kuyeyusha shaba na kobalti kutoka katika mawe. Siku ile iliwamwagikia watu. Walikufa watu wasiopungua 18, na wengine waliungua vibaya. Walikuwa wasafiri tu, wanarudi kwa watoto wao. Malori ya namna ile yanapita hapa kila siku, nasi tunayapita kwa mabasi na taksi-moto.

Wapo wanaosema: "Sheria ya barabara ni ya serikali, haihusu dini." Hilo si kweli. Mwaka 1993, katika mji wa Bandar Seri Begawan nchini Brunei, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua kwamba kufuata kanuni za barabara zisizopingana na sharia ni wajibu wa kisharia, kwa kuwa ndani yake mna maslahi ya watu wote. Hapa kwetu kanuni hizo zimo katika Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Kwa hiyo, anayepita gari jingine kwenye kona, anayeendesha usiku bila taa, au anayepakia watu wanne kwenye pikipiki moja, asidhani kosa lake ni baina yake na polisi tu.

Na hapa ndipo penye hatari kubwa. Dhambi iliyo baina yako na Mola wako, ukitubu, Yeye ni Mwingi wa kusamehe. Lakini haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake. Sharti umrudishie mwenyewe au akusamehe. Uliyemuua barabarani utampata wapi umwombe msamaha? Faini ya polisi unaweza kulipa ukaenda zako. Siku ya Kiyama deni linalipwa kwa mema ya swala zako na saumu zako.

Basi kila mmoja atazame mlango wake. Dereva, magari yetu mengi yana usukani kulia, nasi tunaendesha kulia, hivyo hulioni linalokuja mpaka umeshatoka nje ya mstari. Subiri. Wewe motari, maisha ya abiria ni amana. Abiria, usimhimize dereva akimbie. Ukikaa kimya anapokimbia, umeacha kukataza ubaya. Mama mwenye meza sokoni, acha nafasi ya mtembea kwa miguu, usimsukume kwenye magurudumu. Na sote tusitupe taka katika mifereji, kwani mvua za Novemba hazina njia nyingine, na maji hayo yanaishia Musonoi kisha Lualaba, wanakochota wenzetu.

Viongozi nao wana deni. Imepokelewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alihofia kuulizwa na Allah juu ya mnyama atakayejikwaa Iraki kwa kuwa hakumsawazishia njia. Komini zetu zimepewa na sheria ya mwaka 2008 kazi ya kutunza barabara zao na usafi wake. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaelekeza asilimia 15 ya mrabaha wa madini kwa mamlaka za chini. Hiyo ni amana. Mwaka 2023 tulipiga kura pia kwa washauri wa komini. Twende kwao kwa adabu, kwa barua yenye saini, tuulize: mfereji huu utachimbwa lini? Malori ya asidi yatapita saa ngapi, na wapi? Kuuliza hivyo ni kuamrisha mema, wala si fitina.

Leo ukitoka hapa, usifunge njia kwa pikipiki yako mbele ya msikiti. Anza na hilo.

Ewe Allah, warehemu waliokufa katika barabara zetu, waponye majeruhi, walinde wasafiri wetu, na utujaalie tusikutane Nawe tukiwa na damu ya mtu shingoni. Amin. Wabillahi tawfiq.