Kufunika na Kufukua

Kila Jumapili tunaungama pamoja kabla ya kusikia tangazo la msamaha, na maneno yake wengi wetu tunayatamka bila kutazama kitabu. Lakini liko swali ambalo tunatoka nalo ibadani na kwenda nalo nyumbani: mtu akishasamehewa na Mungu, je, bado ana deni kwa yule aliyemkosea? Swali hilo lilitufika jikoni kwetu, kwa njia ya bomba la maji machafu.

Kwa miezi kadhaa sakafu ya jikoni ilikuwa ikilowa, hasa pembeni, chini ya sinki. Sisi wawili, mchungaji na mkewe, tulikuwa na jibu tayari: binti anayetusaidia kazi anamwaga maji akiosha vyombo, wala hafuti. Mara ya kwanza tulimwambia kwa upole, mara ya pili kwa ukali. Alijibu tu, "Nafuta, mama," nasi tukaona ni ubishi. Mfuko wa unga wa kilo 10 ulipolowa na kuota ukungu, tulimkata fedha yake katika mshahara. Na jioni kina mama wa jumuiya walipokuja kusali, tulilitaja jambo hilo mbele yao, huku yeye akiwagawia chai.

Fundi bomba tulimwita kwa sababu ya harufu. Alisogeza kabati, akapiga magoti, akamulika kwa simu. "Mchungaji," alisema, "bomba limepasuka hapa hapa linapoingia sakafuni. Tena si la leo. Kuna mtu alishalifunga." Akachokonoa kwa bisibisi. Likatoka bonge la saruji, kisha ukanda wa mpira wa baiskeli, mweusi kwa mafuta.

Tulitazamana. Huyo mtu tulikuwa sisi. Miaka miwili nyuma, siku moja kabla ya sherehe ya kipaimara cha mtoto wetu, fundi mwingine alituambia kwamba lazima sakafu ivunjwe. Tukamjibu kuwa wageni wanakuja kesho, afunike kwanza. Wageni walikuja, wakala, wakaondoka. Nasi tukasahau, kama mtu anavyosahau jambo asilopenda kulikumbuka.

Fundi alitueleza kwa nini dawa ile haikufaa. Saruji haishiki vizuri kwenye plastiki laini. Maji ya moto ya kuoshea vyombo hulitanua bomba, likipoa linasinyaa, na mpira unalegea kidogo kidogo. Maji hupita chini ya vigae na kutokea mbali na pale yalipovujia. Kwa juu panaonekana pazima.

Tatizo la bomba lililovunjika usawa wa sakafu ni kwamba hakuna mahali pa kushika. Huwezi kuunga kitu juu ya ufa. Kwa hiyo alichukua nyundo na tindo, akachimba kulizunguka bomba, polepole asilipige lenyewe, mpaka akafika chini ya ufa kwenye bomba zima. Akalikata kwa msumeno, mkato ulionyooka. Akapangusa uchafu na unyevu, akapaka gundi kwenye bomba na ndani ya soketi, akaunganisha na kushikilia. Gundi ilipokauka alijaza sinki maji, akayaachia yote kwa pamoja, na kuzungusha karatasi kavu kwenye kiungo. Haikulowa. Tulidhani sasa atafukia. Akakataa. "Liache wazi mpaka kesho," alisema. "Ukifunika kabla hujajua, umerudi kule kule."

Usiku ule, shimo likiwa wazi jikoni, tulizungumza kuhusu yule binti. Bomba limepona, je, yeye? Tunajua amri ya nane, na Katekisimu Ndogo imetufundisha kwamba haitukatazi tu kumshuhudia jirani uongo, bali inatutaka tumtetee na kuyafasiri mambo yake kwa wema. Sisi tulikuwa tumeyafasiri mambo yake kwa ubaya, tukiwa na kosa letu wenyewe chini ya sakafu.

Hapo Mlutheri anaweza kuteleza kwa namna mbili. Anaweza kudhani kwamba akirudisha alichochukua ananunua msamaha. Hapana, tunasamehewa kwa neema. Lakini pia anaweza kuitumia neema kama tulivyoitumia ile saruji: Mungu amenisamehe, yaishe. Luther alipoandika hoja zake 95 mwaka 1517, alianza na toba, akifundisha kwamba ni ya maisha yote ya mwamini. Na Zakayo anatuonyesha mpangilio wake. Yesu alimwita ashuke mtini, akataka kushinda nyumbani kwake, kabla Zakayo hajaahidi chochote. Ahadi ya kurudisha mara nne ilifuata. Hakurudisha ili apokelewe. Alirudisha kwa sababu amepokelewa. Aliyekwisha kupokelewa haogopi tena kufukua, maana hana jina la kulinda kwa kufunika.

Asubuhi tulimwita binti, tukamwonyesha shimo na ule ukanda wa mpira, tukamwomba radhi. Tulimrudishia fedha yake, na zaidi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua si mimi, mama. Lakini ningesema nini?"

Neno hilo lilituuma kuliko harufu ya bomba. Alikuwa amesema, nasi tukaita ubishi. Mkubwa wa nyumba anaweza kuvujisha miaka miwili, na mdogo ndiye anayeshika tambara.

Ilibaki sehemu ngumu. Jina lake tulikuwa tumelichafua mbele ya kina mama wa jumuiya. Kumsafisha faraghani kungekuwa nusu ya kazi. Walipokutana tena kwetu tuliwaeleza yote, pamoja na habari ya kipaimara. Ilikuwa aibu, hasa kwa nyumba ya mchungaji. Lakini mama mmoja aliinamisha kichwa, akasema kwamba na yeye kuna mtu anapaswa kwenda kumwona.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna sehemu inayolowa kila siku, na kila siku analaumiwa mtu yule yule asiye na sauti, usikimbilie kumpa tambara. Piga magoti kwanza, utazame chini ya sinki.