Mnawaibia Watoto Tatizo

Enyi wazazi mnaokesha Jumapili usiku mkikata makatoni, sikilizeni. Mtoto wenu ameagizwa na mwalimu atengeneze sanamu ya kutishia ndege shambani. Yeye amelala. Mama ndiye anayejaza nyasi kwenye shati kuukuu, baba ndiye aliyetumwa dukani kufuata gundi, na shangazi anauliza katika kundi la WhatsApp la darasa kofia iwe ya rangi gani. Kesho sanamu itapanda matatu, itafika shuleni, itapigwa picha, na mtoto ataandikiwa kwamba amezidisha matarajio. Matarajio ya nani? Sanamu hiyo haijawahi kuona shamba la mtama. Hakuna kwelea kwelea hata mmoja aliyeikimbia.

Wenye pesa hawakati hata hayo makatoni. Wanapita kwa muuzaji, wanalipa, wanabeba. Muuzaji huyo simlaumu sana. Ameona shida ya mteja akaitafutia ufumbuzi, na katika shughuli hii nzima pengine ni yeye peke yake anayebuni.

Mnadhani mmejipatia alama za bure. Mmemwibia mtoto tatizo lake, na ndilo lililokuwa na thamani katika zoezi zima. Nyasi na shati havimfundishi mtu kitu. Kinachofundisha ni kusimama mbele ya jambo lisilo na jibu mfukoni mwa mwalimu, kulitazama, kulikosea, kisha kurudi tena kwa njia nyingine. Hapo ndipo akili inapofunguka. Nyinyi mmepafunga kwa gundi.

Kama hamniamini, nendeni Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Huko alikulia Richard Turere, mvulana Mmaasai aliyekuwa akilinda ng'ombe wa baba yake dhidi ya simba wanaotoka mbugani usiku. Akiwa na miaka 11 alianza kutafuta namna ya kuwazuia. Alijaribu moto, na moto ukawa unawamulikia simba wayaone vizuri yaliyomo zizini. Kisha akajaribu sanamu. Ndiyo, sanamu kama hiyo mnayoishonea kofia. Siku ya kwanza simba walikuja, wakaiona, wakaondoka. Siku ya pili wakatambua kwamba haisogei, wakaingia, wakaua.

Hapo ndipo somo lilipoanza. Usiku mmoja akizunguka zizi na tochi, Turere aligundua kwamba simba hawakuja: waliogopa mwanga unaotembea. Akakusanya betri kuukuu ya gari, kifaa cha indiketa cha pikipiki, balbu za tochi mbovu na paneli ya sola, akaunganisha taa zinazowaka kwa kupokezana, simba wadhani kuna mtu anazunguka na tochi wakati yeye amelala. Mwaka 2013 alisimama katika jukwaa la TED huko California akieleza alivyofanya. Na umeme huo alijifunzia wapi? Kwa kuipasua redio mpya ya mama yake, kosa ambalo karibu limtoe roho.

Sanamu zenu hazina siku ya pili. Hupewa alama siku ya kwanza, mbele ya mwalimu na kamera, kisha hutupwa nyuma ya stoo. Na mtoto anajifunza, tena vizuri sana, kwamba kazi ikishapendeza machoni pa mkubwa imekwisha.

Nanyi walimu, msijifiche nyuma ya wazazi. Nani aliyeagiza vitu 50 vinavyofanana, vya manila ileile, vya kipimo kilekile, viletwe siku moja? Nani anayetoa alama kwa unadhifu, akampunguzia mtoto ambaye kazi yake imepinda kwa sababu ameifanya mwenyewe? Nani aliyeandika ubaoni hatua za kubuni, ya kwanza hadi ya mwisho, akawaamuru watoto wazikariri, kisha akazitahini? Mmefanikiwa kulifanya hata jambo la kufikiri kuwa la kumeza na kutapika. Mtoto anaweza kuzitaja hatua zote kwa mpangilio, na mguu wa dawati lake umelegea tangu muhula wa kwanza, wala haijamjia kwamba hilo linamhusu.

Na yule anayeuliza, mnamfanya nini? Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika, mwanafunzi Erasto Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Nafasi katika jokofu ilikuwa ya kugombania, naye akiogopa kuikosa akaingiza maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye wauza aiskrimu wa mjini Tanga walimwambia kwamba wao huanza na maziwa ya moto ili yagande upesi. Wachuuzi walikuwa wameliona. Darasa lilikuwa limelikataa.

Alipofika Shule ya Sekondari ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Mwalimu akajibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea hesabu wenzake walimtania kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba. Angalieni namna ukatili huu unavyofanya kazi: mwalimu hakupiga fimbo hata moja, alitia utani tu, na darasa zima likashika zamu ya kuulinda ujinga. Hata siku ile Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule, naye Mpemba akasimama na swali lake lilelile, wenzake waliona amewaaibisha.

Osborne hakucheka. Alirudi akaagiza lijaribiwe. Fundi wa maabara akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia hadi wapate jibu sahihi. Hapo nami hucheka, kisha nanyamaza, kwa maana fundi huyo ni sisi sote. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha matokeo yao katika jarida la Physics Education, na jina la kijana wa Magamba limebaki katika vitabu hadi leo. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa nini. Mnaona? Swali ambalo mwalimu wake alilimaliza kwa neno moja, dunia haijalimaliza kwa zaidi ya nusu karne.

Msiniambie hamna vifaa. Karibu na choo cha shule yenu kuna kibuyu chirizi, kidumu kilichotobolewa na kuning'inizwa kwa kamba, chenye kijiti cha kukanyaga. Kililetwa na wageni, au kilifungwa na mwalimu wa zamu. Kamba imekatika. Watoto wa madarasa ya chini mguu wao haukifikii kijiti. Sabuni huibiwa. Maji humwagikia miguuni na kufanya tope. Hayo ni matatizo manne, bure, umbali wa hatua chache kutoka darasani, na wanaoumia ni watoto wenyewe. Wapeni wiki tatu. Waketi wawatazame wadogo zao wakinawa, waandike walichokiona kabla ya kuchora chochote. Wachore, wafunge, wavunje, wafunge tena. Wawaulize watumiaji, yaani wale wadogo, ni kipi kinawafaa, na wakubali kuambiwa kwamba walichobuni ni kibaya. Mwalimu akae kimya. Najua, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizotaja.

Kuna na wazee wetu wa sera, nao nitawagusa kidogo. Mwaka 1967 Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, alidai shule zijenge akili yenye udadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuchagua kinachotufaa, na kujiamini. Wasimamizi wakashika jembe wakaacha udadisi, na shamba la shule likageuka adhabu ya waliochelewa. Mwaka 1985 Kenya ikaleta mfumo wa elimu wa 8-4-4, ikiahidi kazi za mikono, na wazazi wakachanga wajenge karakana. Masomo hayo yakaja kuondolewa katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na somo lisilotahiniwa huanza kukosa vifaa, kisha mwalimu, kisha kipindi. Sasa tuna mtaala wa umilisi, na tayari umilisi umehamia kwa mama.

Halafu mnamtishia mtoto kwamba asiposoma ataishia Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali jijini Nairobi. Mmewahi kukanyaga Kamukunji? Huko mtu anapewa bati la pipa na malalamiko ya mteja, na jioni kuna jiko lisilokuwepo asubuhi. Anapima, anakunja, mteja anarudi na kasoro, anarekebisha. Kile mnacholilia katika warsha za hotelini kinafanyika juani, kwa nyundo, na nyinyi mmekigeuza kitisho.

Siku zinakuja ambapo watoto hawa mnaowafanyia kazi watakuwa wahandisi wa kaunti na wakuu wa idara. Daraja litatitia, nao watasubiri waraka. Mafuriko yatarudi mahali palepale yaliporudi mwaka uliotangulia, nao wataunda kamati, kamati itaita mshauri kutoka nje, na mshauri ataleta sanamu nyingine yenye kofia. Watatoa shukrani. Hawatauliza kama imejaribiwa, maana hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwamba kitu hujaribiwa. Nanyi mtakaa kwenye runinga mkilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajitumi.

Basi, nyinyi mnaotunga mitihani, neno la mwisho ni lenu, kwa sababu mnajua fika kwamba mnachokitahini ndicho kinachofundishwa. Mpeni mtoto alama kwa daftari la michoro iliyofutwa, kwa kifaa cha kwanza kilichovunjika na maelezo yake mwenyewe ya kwa nini kilivunjika, na kwa mazungumzo ya dakika kumi ambayo mzazi hawezi kumfanyia. Mkisema hayo hayasahihishwi kwa mashine, basi jitokezeni hadharani mtamke kwamba mashine ndiyo iliyowachagulia watoto wetu cha kujifunza.