Unapotoa nyota kumi, unahukumu nini?

Leo tujiulize swali dogo lakini zito: unapokipa kipindi nyota kumi, unahukumu nini hasa? Uzuri wake au ukweli wake?

Tuchukue mfano. Mwaka 1999 BBC walionyesha Walking with Dinosaurs, makala ya wanyama wa kale yenye sehemu 6. Sehemu ya tatu, Cruel Sea, ina Liopleurodon, mtambaazi wa baharini anayetajwa kuwa na urefu wa mita 25 na uzito wa tani 150. Anaibuka ghafla na kumnyakua dinosaria aliyekuwa ufukweni. Jamani, inasisimua! Lakini mifupa inasema vingine: mnyama huyo hakufikia hata nusu ya urefu huo.

Je, watengenezaji walisema uongo? Mtakatifu Augustino anatusaidia hapa. Kwake, uongo si kusema tu jambo lisilo sahihi. Ni kusema kinyume cha unachoamini moyoni, kwa nia ya kupotosha. Hawa walishauriana na wanasayansi, wakakadiria kutokana na mabaki machache. Kukadiria si dhambi.

Ila kuna jambo limebaki. Mara nyingi msimulizi anaongea kana kwamba alikuwepo. Mtazamaji hajui mifupa imeishia wapi na ubunifu umeanzia wapi. Anayekisia ana deni la kusema kwamba anakisia.

Kuna atakayesema, "Si burudani tu hiyo?" Sawa, lakini hadithi ya sungura na fisi haikuombi uiamini. Makala inakuomba. Ndiyo maana tunaidai zaidi.

Na sisi je? Nyota nazo ni maneno. Zinamfikia mtu ambaye bado hajaangalia, naye anakuamini. Ukitoa kumi bila kusema ni za nini, mdogo wako atabaki na zile mita 25 kichwani. Ukitoa sifuri kwa sababu ya kosa moja, unawadhulumu watu waliofanya kazi kwa bidii na kwa ujuzi wa wakati wao. Haki inadai kila upande upewe stahili yake.

Kwa hiyo wiki hii, ukimaliza kuangalia kitu chochote, toa alama mbili: moja ya jinsi kilivyokugusa, nyingine ya jinsi unavyoweza kukiamini. Zikitofautiana sana, usiogope. Hapo ndipo kufikiri kunapoanza.