Msinunue Wingi wa Vifungo

Wanangu wa Himbi hapa Goma, nimesikia mnachanga pesa mnunue kinasa sauti cha mazoezi. Jambo jema, tena limechelewa. Ila nimesikia pia ubishi wenu: mmoja anataka chenye njia sita, mwingine anasema simu yatosha, wa tatu ameona picha ya kimoja kinachong'aa na hataki tena habari ya kingine. Nisikilizeni mimi mzee wenu niliyeshika gita la besi kabla hamjazaliwa.

Ulizaneni kwanza mnanasa kwa ajili ya nani. Albamu hamtengenezi. Mnataka kujua kesho yake kwa nini sebene ilikimbia, na nani aliingia kabla ya wakati. Kazi hiyo yahitaji mikro mbili tu, zile zilizo ndani ya chombo chenyewe. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi akipiga "Masanga". Gita moja, mtu mmoja, na hadi leo wapiga gita wanausikiliza wimbo ule wakitafuta mpigaji wa pili aliko. Tracey alizoea kushika mikro kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza kumfuata mpigaji. Kwa hiyo anayewauzia njia sita anawauzia kazi ya kuchanganya sauti ambayo hakuna kati yenu atakayeifanya usiku wa Jumatano.

Simu nayo naikataa, na sababu ni ya haki zaidi kuliko ya ubora. Nyingi hupandisha zenyewe sauti ndogo na kukandamiza kubwa. Ngoma ikilia, mwimbaji anazama. Ngoma ikinyamaza, anaibuka akipiga kelele. Kesho yake mnamlaumu binti wa watu kwamba hana pumzi, kumbe kosa ni la chombo. Kinasa sauti ndicho kitakuwa hakimu wenu, na hakimu anayebadili maneno ya shahidi hafai hata akija bure.

Basi tafuteni chombo ambacho kiwango cha kunasa unakiweka kwa mkono, na ambacho unaweza kukizuia kisijirekebishe chenyewe. Hapa ndipo pesa yenu iende. Vyumba vyetu mnavijua: ukuta wa mawe ya makoro, mabati juu, spika za bafle kwenye kona, mpiga ngoma asiyejua kupiga polepole. Sauti inagonga jiwe na kurudi. Kabla ya kuanza, pigeni ile sehemu kali kuliko zote, mweke kiwango ili kilele kifike kama desibeli 12 chini ya sifuri, kisha msiguse tena. Vipo vyombo vipya, kama Zoom H1essential ya mwaka 2024, ambavyo havihitaji kuwekewa kiwango kabisa. Ni vizuri, lakini mikro yenyewe ikizidiwa na kelele, hakuna hesabu ya kompyuta itakayoiokoa. Mvua ikianza kwenye mabati, fungeni, mwende nyumbani.

Mahali pa kukiweka ni pa kutafuta kwa masikio. Anzeni mita mbili au tatu mbele ya kundi, usawa wa kichwa, karibu na bafle ya waimbaji kuliko ngoma. Gita la misolo lisiposikika, msogezeni mtu, chombo kibaki palepale.

Umeme wa mji huu mnaujua tabia yake. Chagueni kinachotumia betri za kawaida zinazouzwa kila kioski, si kile chenye betri ya ndani ambayo ikifa hamna la kufanya. Betri za kuchaji seti mbili zitawafaa. Kadi ya giga 32 inachukua takribani saa thelathini za WAV ya biti 24 na kilohezi 48, mazoezi ya wiki nyingi. Lakini kadi za bandia zimejaa sokoni: ijazeni yote siku ya kwanza, mwone kama inarudisha mlichoweka.

Tangu mabenki ya Goma yafungwe Januari 2025 dola imekuwa ngumu, kwa hiyo sitaki kusikia mmekopa. Nunueni cha mikro mbili, kilicho rahisi, na tofauti ya bei iwapatie stendi imara na vipokea sauti vya masikioni. Bafle hizohizo mnazopigia hazitawaambia ukweli wa besi.

Dukani aende mpiga ngoma pamoja na mwimbaji, wala asiende mweka hazina peke yake. Rekodini hapohapo, mmoja apige meza kwa nguvu huku mwingine akiimba chini kwa chini, msikilize kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikataa, tokeni.

Na faili za mazoezi zikae kwa mtu mmoja mliyemchagua. Wimbo ambao haujaisha usipelekwe WhatsApp bila wote kukubali.