Mfano Uliopungua Milimita Mbili

Lugha yetu ina neno moja lenye kazi nyingi: mfano. Chombo kidogo kilichoundwa kwa kufuata kikubwa ni mfano. Sentensi tuiandikayo ubaoni ni mfano. Na mwalimu mwenyewe hutakiwa awe mfano. Je, mfano usiolingana kamili na asili yake ni uongo?

Swali hili lilinijia barazani kwa jirani yangu wa hapa Kampala, fundi mstaafu wa reli. Mwanawe aishiye Uingereza alimletea vipande vya shaba vya kuundia injini ndogo ya mvuke, ya namna iliyotumika huko, kwa kipimo cha 1 kwa 76.2. Mzee alianza na fremu. Aliilehemu, akatia magurudumu, akaisukuma kwa kidole juu ya kioo aone kama yanazunguka bila kukwama, kabla ya kugusa bodi wala dohani. Ubao wa kujengea njia mpya ulikuwa bado mtupu. Aliponiona akasema, "Mwalimu, reli hii ina uongo ndani yake."

Alisema kweli. Reli kuu za Uingereza zina upana wa milimita 1,435. Ukiupunguza kwa kipimo hicho utapata karibu milimita 18.83, lakini reli iuzwayo kwa injini hizo ina milimita 16.5. Chanzo chake ni miaka ya 1920. Mota za umeme za siku zile hazikuingia ndani ya injini ndogo za Kiingereza. Waundaji wakakuza bodi, wakaiacha reli ilivyokuwa. Wapo wanaojenga kwa milimita 18.83, nao hawana budi kurekebisha magurudumu na njia zote.

"Utachagua ipi, Mzee?"

"Ya 16.5. Ila nachagua leo, kabla ya kulaza taruma la kwanza, na mjukuu wangu akiuliza nitamwambia. Gurudumu la kipimo hiki juu ya reli ya kipimo kile huanguka tu."

Nilirudi nyumbani na aibu. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanaoanza Kiswahili kwamba majina ya watu huanza kwa m- na wa-: mtu, watu, mtoto, watoto. Kanuni hiyo ni nyembamba kuliko lugha, lakini bila wembamba huo mwanafunzi hang'oi nanga. Muhula mmoja msichana aliandika "mjana" na "wajana", akikusudia kijana na vijana. Nilimpigia mstari mwekundu na kumnyima alama. Kumbe yeye aliitii kanuni yangu. Mimi ndiye niliyemlazia reli ya kipimo kimoja nikampima kwa kingine.

Yamkini mwenzangu atasema kwamba kumtajia anayeanza upungufu wa kanuni ni kumvuruga. Nami nilidhani hivyo. Lakini sentensi moja yatosha: "Kanuni hii itatufikisha mbali, ila njia haiishii hapo." Kupunguza si uongo, maana hakuna afundishaye bila kupunguza. Uongo huanza pale tunapouficha upungufu, kisha tukamwadhibu aliyetuamini.

Juzi nilimwita yule msichana, nikamrudishia alama zake na kumweleza sababu. Alinitazama kidogo, akauliza, "Na kanuni nyingine je, Mwalimu?"

Tukaketi, tukaanza kuzihesabu.