Lipa Kilo Uliyokula

Ndugu zangu wa Dodoma, ugali uliokuwa mezani kwenu jana usiku umelipiwa? Dukani mmelipa, najua. Namuulizia aliyelima. Ikiwa mahindi yale yalitoka kijijini ndani ya lumbesa, basi sehemu ya ugali ule mmeila bure, na mwenye kuwadai hakuwapo mezani. Yuko Mlali, yuko Hogoro, yuko Zoissa, anahesabu noti ambazo hazifiki ada ya mtoto.

Lumbesa tunaijua sote. Kwa kuwa tunaijua tumeizoea, na kuizoea huko ndiko dhambi yetu. Gunia linajazwa hadi mdomoni. Kisha mdomo unaungwa kwa kamba na kipande cha gunia jingine, mazao yanapandishwa hadi gunia linaota kichwa, na kichwa hicho hakina bei. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, imeweka ukomo: mzigo wa mazao usizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo wameitangaza sheria hiyo miaka nenda, miaka rudi. Sasa piga hesabu mwenyewe. Gunia likibeba kilo 130 likalipiwa kama la kilo 100, mkulima aliyeuza magunia kumi ametoa kilo 300 bila malipo. Magunia matatu! Amelima, amepalilia, ameamia ndege, amevuna, amepukuchua, halafu magunia matatu yamepanda lori kwenda kumshibisha mtu ambaye hajawahi kulala njaa.

Na pale ambapo hakuna lumbesa kuna debe. Debe la kununulia limegongwa kitako mpaka limetuna, na debe la kuuzia limebonyezwa ubavuni. Mikono ni ile ile, nafaka ni ile ile, na tajiri anapata faida mara mbili kabla lori halijawasha moto.

Mnadhani Mungu hayaoni haya? Nabii Amosi alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu, mtu wa shamba kama hawa wa kwetu, na ghadhabu aliyotumwa kuitangaza iliwashukia wafanyabiashara wa nafaka waliopunguza kipimo na kuongeza uzito wa fedha. Qurani ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjaji, Al-Mutaffifin, sura ya 83, na inaanza kwa kuwaonya wale wanaotaka kipimo kijae wanapopokea, kisha wanapunguza wanapotoa. Basi anayetoka Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu na anayetoka Msikiti wa Gaddafi, wakikutana Soko la Majengo, wote wawili wameshaambiwa. Hakuna atakayesimama siku ya hukumu akasema hakujua habari ya mizani.

Mtaniuliza: kwa nini mkulima anakubali? Hakubali, amebanwa. Nyanda hizi za kati zina msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe ni ya kubahatisha. Ugogo bado unaikumbuka Mtunya, njaa kuu iliyoanza 1917. Mtu anaposhikwa na njaa mwezi Januari, uwele bado uko kwenye majani, anakuja mwenye duka na debe moja la mahindi na kusema: chukua sasa, utanilipa gunia wakati wa mavuno. Nani atakataa na watoto wanalia? Mwezi Juni mwenye duka anakuja na lori, na mazao yana mwenyewe kabla hayajashuka kichwani kwa mama aliyeyabeba. Kisha Januari inarudi, na mama yule yule ananunua kwa bei ya juu nafaka aliyoiuza kwa bei ya chini. Huo ndio mtego, ndugu zangu, na unazunguka kila mwaka tukiutazama.

Mkulima wa zabibu ana mtego wake mwingine. Mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, neema ambayo nchi nyingi zinazolima zabibu hazina. Lakini zabibu ikiiva haingoji. Mahindi unaweza kuyafungia ndani ukasubiri bei. Zabibu iliyokatwa Hombolo au Mpunguzi inaanza kuharibika jua lile lile, na mnunuzi analijua hilo. Anachelewa makusudi. Anafika jioni, anatazama, anatikisa kichwa, anataja bei ya kukatisha tamaa. Ndiyo maana mitambo midogo ya kukamua mchuzi wa zabibu, inayomilikiwa na wakulima wenyewe, ina thamani kuliko hotuba nyingi: mchuzi ukihifadhiwa vizuri, mkulima naye anapata muda wa kusema hapana.

Tazameni aibu yetu. Kahawa ya Kilimanjaro, ya chama cha KNCU kilichoanzishwa 1933, imekuwa ikiuzwa Ulaya chini ya nembo ya biashara ya haki tangu miaka ya 1990. Watu wasioweza hata kutaja Moshi iko wapi wanaongeza senti juu ya bei ili aliyechuma buni apate chake, na ziada hiyo irudi kwenye ushirika, wanachama waamue wenyewe itumike wapi. Mgeni wa mbali anafanya hivyo! Nasi, tunaokaa mwendo wa basi moja kutoka kwa mkulima wetu, tunamkazania mama wa mlenda mkavu apunguze shilingi mia mbili, halafu tunaingia hotelini kulipa soda mara mbili ya bei ya duka bila kunung'unika. Nani aliyeturoga?

Dodoma ina fedha sasa. Serikali imehamia, Mtumba kumejengwa, tangu 2018 hili ni jiji. Kila wiki kuna warsha, semina, makongamano, na mezani mnaweka nini? Juisi ya boksi iliyosafiri baharini, katika mkoa wa zabibu na ubuyu! Mafuta ya kukaangia kutoka nje, wakati mwaka 2023 bei ya alizeti iliporomoka mpaka wakulima wa Singida na Dodoma wakajuta kuipanda! Ninyi maofisa ununuzi, ninyi wenye hoteli, ninyi mnaopika kwenye mikutano: kalamu zenu zina nguvu kuliko mnavyodhani. Andikeni alizeti ya Kongwa. Andikeni asali ya Manyoni, vitunguu vya Singida, juisi ya zabibu ya hapa hapa. Na mlipe kwa wakati, kwa maana kumcheleweshea mkulima malipo miezi mitatu ni kumrudisha kwa mwenye duka wa Januari.

Nasikia mnavyosema: mshahara wenyewe mdogo, bei ya haki tutaipata wapi? Nawajibu kwa upendo. Pengo kati ya bei ya shambani na bei ya sokoni Majengo ni kubwa, na humo ndani kuna nafasi ya mkulima kupata zaidi bila ninyi kufa njaa. Simlaani kila mwenye lori. Anayenunua kwa kilo, akalipa mafuta na ushuru, akauza kwa faida ya wastani, huyo ni ndugu yangu na kazi yake ni ya halali. Ila familia kumi za jumuiya ndogondogo, au wanachama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, wakiunganisha fedha zao wanaweza kununua nafaka ya mwaka mzima moja kwa moja kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwa mizani, na wakaokoa. Na pale ambapo bei ya haki itazidi kidogo ile mliyoizoea, lipeni. Ile mliyoizoea ilikuwa na jasho la mtu ndani yake.

Ardhi ya Kongwa iliwashinda Waingereza na matrekta yao. Mradi wao wa karanga ulianza 1947, ukafa 1951. Mkulima mdogo ameiweza ardhi ile ile kwa jembe na plau ya ng'ombe, na leo Kibaigwa ni soko linalolisha nchi na majirani. Mtu wa namna hiyo anadai mizani tu.

Kwa hiyo msingoje mavuno. Ijumaa baada ya swala, Jumapili baada ya ibada, kamati zikae. Andikeni majina ya familia zitakazonunua pamoja, kisieni magunia mtakayohitaji, anzeni kuweka akiba ya kila mwezi. Chagueni wawili waaminifu, mmoja wao awe mwanamke, waende kwenye chama cha wakulima kukubaliana bei mapema na kwa maandishi. Mwezi Juni waende na mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, wapime mbele ya aliyelima, na fedha yote imfikie mkononi siku hiyo hiyo, kabla gunia la kwanza halijapakiwa.